Upande Wenye Moto

Mkija hapa kwangu Ibighi kuuliza skonzi za kitunguu saumu zilikuwaje laini vile, huwa nawaona mnatoa simu mnirekodi. Rekodini tu. Ila nawaambia mapema, ulaini wa skonzi haumo kwenye maneno, umo kwenye viganja, na viganja vyangu siku hizi vimegoma. Vidole vinavimba kila mvua ikikaza, na ninyi mnajua Tukuyu mvua haina aibu. Kwa hiyo sogeeni jikoni, nitawaeleza kwa mdomo yale niliyokuwa nikiyafanya kwa mikono. Nikirukaruka mnivumilie, uzee hauna ratiba.

Mimi ni Sekela. Nimeoka tangu nilipoolewa mpaka juzijuzi mjukuu wangu Lusajo aliponinyang'anya beseni akasema, "Bibi, pumzika sasa." Sikuzaliwa mwokaji. Nilizaliwa Kisondela, katikati ya migomba, na mkate niliuona Krismasi tu, baba akitoka nao mjini ameukumbatia ndani ya koti usilowe. Aliyenifundisha kazi hii ni baba mkwe wangu. Jina lake hamtalisikia kutoka kwangu. Sijalisahau. Mkwe halitaji, na mimi nilikuwa sijawahi kulitaja maisha yangu yote. Mkilitaka sana mwulizeni Lusajo, yeye ni damu yake.

Hapa ndipo huwa mnacheka, basi chekeni kabisa tuendelee. Kwetu Wanyakyusa, zamani, mke wa mtoto alikuwa hakutani na baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Hamtazami usoni, haongei naye, hakai naye chumba kimoja, hali naye, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, tena heshima nzito. Wengi wa rika langu walikuwa wameshalegeza. Kanisani wakwe walikaa benchi moja na paa halikuanguka. Baba mkwe wangu hakulegeza. Kanisani alikwenda kila Jumapili, lakini hilo alisema ni la wazee wake, na si yeye wa kulivunja.

Sasa niambieni, mtu wa namna hiyo anakufundishaje kuoka?

Yeye alikuwa amepika miaka mingi kwenye nyumba ya wageni ya shamba moja la chai, na huko ndiko alikojifunzia skonzi za kitunguu saumu, wageni wakizila na supu. Alipostaafu akajenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, akawa anawauzia wachuma chai, walimu, na watu wa harusi. Msaidizi wake alikuwa mama mkwe, aliyesimama kwenye moto. Moshi ukamshika kifua, daktari akamwambia akae mbali na tanuri kama anataka kuwaona wajukuu. Mume wangu Gwamaka, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani mjini, na unga ulimpigisha chafya mpaka machozi. Ndugu zake walikwisha kutawanyika. Nikabaki mimi.

Mzee aliwaza siku kadhaa. Asubuhi moja nikasikia nyundo. Nilipochungulia, alikuwa anapigilia mabanzi katikati ya banda la kuokea, ukuta kutoka chini mpaka juu, unaligawa banda nusu kwa nusu. Meza yetu ilikuwa ubao mmoja mrefu mnene. Hakuukata. Aliuacha upenye ukutani, na juu yake akabakiza upenyo wa kupitisha beseni. Kila upande ukawa na mlango wake. Upande mmoja ukapata magunia ya unga na pipa la maji, upande wa pili ukapata mdomo wa tanuri.

Mimi nikapewa tanuri.

Moyo ulishuka, nawaambieni kweli. Moshi, jasho, majivu, macho mekundu kama mlevi. Kule upande wake unga mweupe, utulivu, mtu anakanda kama anasali. Nikaenda kwetu kumsalimia mama nikammwagia yote. "Wamenipa moto, wenyewe wamechukua unga."

Mama akaendelea kumenya ndizi. "Na nani amekwambia moto ni adhabu? Rudi kwako."

Nilirudi, lakini lile neno lilibaki kooni. Nikawa najiuliza, huyu mzee ananihesabu mimi kama mwokaji mwenzake, au kama kuni? Na wa kumwuliza hayupo, kwa sababu wa kumwuliza ni yeye mwenyewe, naye hasemeshwi.

Lakini alinifundisha. Njia yake ilikuwa hivi: hakusema na mimi, alisema na tanuri. Tena alisema nalo kwa Kiswahili. Nyumbani tuliongea Kinyakyusa, ila tanuri alilijulia kazini, na kazini kulikuwa Kiswahili. Basi nikikosea nasikia sauti ng'ambo ya mabanzi, ile r ya Kiswahili ikimshinda kama ilivyowashinda wazee wetu wengi: "Wewe tanuli, kuna mtu hapo ana halaka kuliko hamila."

Nami naliambia tanuri, "Tanuri, sema nimesikia."

"Tanuli, mwambie akisikia afunike."

Basi nafunika. Hamira ya zamani haikuwa hii yenu ya kumwaga ikafanya kazi hapohapo. Ilikuwa punje ngumu, unailoweka kwenye maziwa ya uvuguvugu na sukari kidogo, unaisubiri itoe povu. Uvuguvugu wenyewe unapimwa kwa kidole: usisikie moto, usisikie baridi, uwe kama hujatia kidole kabisa. Na kwa baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu umekaa mpaka saa nne, unga hauumuki kwa kuombewa. Unaufunika kwa kitambaa, unauweka karibu na tanuri, unauzungusha kama mtoto anayeota moto, tumbo kisha mgongo.

Somo la pili lilikuwa la dole gumba. Nikishabumba skonzi nazipanga kwenye trei, naisukuma kwenye upenyo aikague. Inarudi. Iliyobumbwa vibaya imebonyezwa katikati kwa dole gumba lake, shimo la kutosha kuweka punje ya mahindi. Siku za mwanzo trei nzima ilirudi na vitovu. Nilibumba upya huku nalia, na nikisingizia moshi. Polepole vitovu vikapungua. Ikafika siku trei ilirudi safi, hakuna hata kimoja, nikabaki nimeikodolea macho nikidhani amesahau kukagua.

Na hivyo ndivyo nilivyomjua, wanangu. Nilimjua kwa mikono. Ilitokea kwenye upenyo imeshika beseni, mikono ya koti zito ikiwa imekunjwa mara moja tu, hata miezi ya jua. Nilidhani ni umaridadi wa watu wa nyumba ya wageni. Vidole virefu, kucha zimekatwa fupi, na vikinigusa kwa bahati mbaya vilikuwa baridi, baridi kabisa. Nilidhani ni maji ya pipa. Uso wake, kama mngeniuliza siku ile ulikuwaje, ningewaambia alikuwa na ndevu, kwa sababu watu walisema ana ndevu.

Haya, rekodini hapa, maana hapa ndipo mnapokosea wote. Kitunguu saumu kibichi msikitie kwenye unga. Hamira inanuna, unga unakaa tu unawatazama. Na mkikiweka juu ya skonzi kinaungua, kinakuwa kichungu kama dawa ya mitishamba. Mzee alichukua kichwa kizima na maganda yake, akakipitisha kwenye upenyo, tanuri likaambiwa: "Kifukiwe." Nakifukia kwenye majivu ya moto pembeni, sio kwenye makaa. Kikiiva, ukikibinya kinatoka chenyewe kama parachichi. Unakiponda na siagi, chumvi kidogo, na majani ya giligilani ukiyapata. Hicho kinaingia wakati wa kubumba, unga ukishaumuka mara ya kwanza. Unapaka ndani, unakunja, unabumba, mkunjo unakaa chini.

Na ule ulaini mnaouulizia ni kiazi. Ndiyo, kiazi mviringo, cha hapahapa Rungwe. Unakichemsha, unakiponda mpaka kisibaki na dongedonge, kinakandwa kwenye unga pamoja na maziwa. Skonzi yenye kiazi kesho yake bado inabonyea. Unatandika jani la mgomba lililopitishwa motoni, unazipanga skonzi zikigusana mabega, kwa sababu skonzi iliyotengwa peke yake hukauka pande zote. Zikitoka unazipaka siagi na kuzifunika kwa kitambaa, mvuke wake uzirudie. Watu wakija na haraka zao za kutaka ya moto, waambieni subira yavuta heri.

Mnataka kucheka? Niwape la harusi ya kule Lufingo.

Tulikuwa na skonzi za harusi, trei zimejaa banda zima, zimeumuka vizuri zinasubiri tanuri. Mvua ilikuwa inamwagika. Mzee akataka kipande cha ukuni cha kuzibia tundu la paa lililokuwa linavuja upande wake, kuni zote ziko kwangu, akasahau. Nasema akasahau, kwa sababu katika akili zake timamu asingefanya. Akazunguka nje, akafungua mlango wangu, akaingia.

Niliona buti. Sikungoja kuona zaidi. Nilivuta kitenge kichwani nikatoka mbio nikimpita ubavuni, nusura nimwangushe, nikaingia migombani kwenye mvua na mwiko wangu mkononi. Yeye naye, kumbe, aliposikia kishindo aligeuka akakimbilia ukutani, akasimama amelipa banda mgongo, ameficha uso kwenye mabanzi. Kila mtu anamheshimu mwenzake! Mimi nimejibanza chini ya mgomba nangoja atoke. Yeye amejibanza ukutani anangoja nirudi niseme kwa tanuri kwamba ni salama. Na mlango uko wazi, baridi inaingia kama inaingia kwake.

Aliyetuokoa ni mama mkwe. Alitoka na mwavuli, akanikuta migombani nimelowa chapachapa, akaenda bandani akamkuta mumewe anaongea na ukuta. Alicheka mpaka kifua kikamkamata. Skonzi zote zilikuwa zimeshuka, bapa kama chapati.

Kesho yake harusi. Tukaoka zile zile, hakukuwa na namna. Nikasikia ng'ambo: "Tanuli, leo tumepata skonzi mpya. Watu wa Lufingo wakiuliza, mwambie ndiyo mtindo wa mjini." Basi Lufingo wakasifu, na mwaka mzima wakaja watu kuagiza "zile bapa." Hilo nalo ni somo: mteja hajui ulichokusudia, anajua ulichomletea.

Miaka ikaenda. Mama mkwe akafariki, si kwa moshi, kwa uzee tu. Nyumba ikawa kimya. Mzee aliendelea kuja bandani alfajiri, lakini tanuri hakulisemesha. Beseni lilipita, trei ilipita, hakuna neno. Na chakula nilichokuwa nampelekea kwa mkono wa watoto kilirudi kama kilivyokwenda. Gwamaka alimsihi baba yake, wapi. Mchungaji akaja, mzee akamsikiliza vizuri, akamshukuru, chakula kikarudi.

Mimi niliumia kwa namna yangu. Mtu niliyefanya naye kazi kuliko nilivyofanya na mtu yeyote duniani alikuwa anakwisha hatua moja kutoka kwangu, nyuma ya ubao, na mimi siwezi hata kumwambia pole, baba. Nilitamani ule ukuta uanguke wenyewe, isiwe kosa la mtu.

Asubuhi moja nilitoa trei ya kwanza, nikapaka siagi, nikafunika. Kisha nikachukua skonzi moja, nikaiweka kwenye upenyo, katikati kabisa, chini ya ukuta. Nikageukia moto.

Nilipogeuka, mkono ulikuwa umetoka. Umekaa juu ya skonzi bila kuichukua, kama mtu anayepima joto. Halafu mkono wa pili ukaja, vidole vikaipasua katikati, mvuke wa kitunguu saumu ukapanda. Nusu moja ikaondoka kwenda ng'ambo. Nusu ya pili akaisukuma kwangu.

Mkwe hali na baba mkwe wake. Sikuhitaji kukumbushwa, nimelelewa. Nikaichukua nikala. Nilimsikia anatafuna, polepole, kama mtu aliyesahau namna. Tukala mpaka tukamaliza, ukuta katikati yetu.

Baadaye sana ndipo sauti ikaja. "Tanuli. Ndaga fijo."

Asante sana. Alisema kwa Kinyakyusa. Ilikuwa mara ya kwanza tanuri kusemeshwa kikwetu, na nilijua hasemi nalo.

Tuliendelea hivyo kila asubuhi, skonzi moja nusu kwa nusu, mpaka siku ambayo beseni halikuja. Msibani nilipita mbele ya jeneza nimeinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Sikutazama uso. Nilitazama mikono, nikaijua, nikapita.

Gwamaka akaujaza upande wa baba yake kuni, na mimi nikawa nakanda na kuoka upande wangu. Sikuwahi kuingia ule mlango. Watoto ndio walionitolea kuni. Mtanicheka tena, lakini desturi haifi siku ya mazishi. Na lile swali langu la ujana lilibaki. Ile nusu ya skonzi ilikuwa ya upweke, au ilikuwa yangu? Alinipa moto kwa sababu nilikuwa mkwe tu, wa kuvuta moshi badala ya mkewe? Nimezeeka nalo. Nimemkosa yule mzee kuliko watu wengi niliowatazama usoni.

Sasa mwezi uliopita Lusajo akaja na habari za oveni ya umeme. Sina ugomvi nayo, ila ukikatika mtakuja kuniomba kuni. Oveni haina pa kukaa, anataka kuubomoa ukuta. Akasema, "Bibi, huu ukuta wa nini siku hizi? Mke wangu huyo hapo, anakaa sebuleni na baba wanaangalia mpira, tena timu tofauti."

Ni kweli. Timu ya Bupe, mkewe, ikifungwa, baba mkwe wake humtania mpaka chai inamwagika. Nikiwaona wanavyocheka naona wivu kidogo, tena wivu mzuri.

Nikamwambia, "Bomoa. Lakini toa kuni kwanza."

Walipomaliza kuzitoa ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka mpaka kwenye vizingiti. Bupe alikuwa upande wangu, tanuri limeshashika, anangoja nije nimwelekeze. Mimi nikazunguka nje. Nikafika kwenye mlango wa mzee, nikasimama, nikaingia.

Kilichonipokea ni baridi.

Sio baridi ya kusema. Paa upande ule limeinuka kidogo, na upepo wa mlima Rungwe unaingia hapo moja kwa moja, unakupiga shingoni. Sakafu ni udongo, inatoa maji. Mabanzi yamezuia joto lote la tanuri, halivuki hata kidogo. Mbele ya meza udongo umebonyea sehemu mbili, mahali pa miguu yake. Nikaweka miguu yangu humo. Kabla sijasema hata sala, vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

Kwenye upenyo nikaona upande wangu. Ulikuwa mwekundu wa moto, unapendeza. Bupe alikuwa anajipepea uso kwa kitambaa.

Wanangu, aliyejenga ule ukuta ndiye aliyegawa pande. Alikuwa mzee tayari, na mimi nilikuwa binti mwenye damu inayochemka. Alijua baridi ya Tukuyu inavyofanya kwenye mifupa. Koti lile halikuwa umaridadi. Vidole vile havikuwa maji ya pipa. Alisimama hapo miaka yote, mtoto wa watu akiota moto upande wa pili na kulalamika kwa mama yake.

Nikalitaja jina lake. Mara moja, taratibu.

"Umesema nini, Bibi?" Bupe akauliza kwenye upenyo.

"Nimesema lete unga huku. Na maziwa, na kile kiazi."

"Si Lusajo amesema usikande tena? Mikono yako, Bibi."

"Lusajo ni wa kesho na nyundo yake. Leo nakanda mimi."

Akavipitisha. Nikakanda kwenye ubao wake, vidole vinauma, nakanda. Unga ulipokubali nikauweka kwenye beseni nikausukuma, na mikono ya Bupe ikaupokea, kucha zimepakwa rangi ya zambarau. Baadaye trei ikaja kukaguliwa. Moja ilikuwa imebumbwa ovyo, nikaibonyeza katikati kwa dole gumba, nikairudisha.

"Bibi, hii umeitoboa!"

"Ibumbe upya."

Kisha uso wake ukainama kwenye upenyo, akanitazama, jambo ambalo mimi sikulifanya maisha yangu yote. "Bibi, unatetemeka. Njoo huku kwenye moto."

"Kaa hapohapo," nikamwambia. "Huko ni kwako."